Wimbo Usioandikwa: Kitabu cha Sakima Darasani

Watu wengi wakiona kitabu chenye picha kubwa na maneno machache, husema, "Hiki ni cha watoto wadogo," kisha hukiweka kando. Hata humu shuleni mwetu nimewasikia wenzangu wa kidato cha tano na cha sita wakisema hivyo. Mimi siafikiani nao, na katika makala haya nataka kueleza sababu zangu. Tangu muhula wa kwanza, sisi wanafunzi sita tumekuwa tukienda kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana kusoma pamoja na watoto wa darasa la nne katika shule ya msingi iliyo jirani yetu hapa Ibanda, ng'ambo ya pili ya mto Mubuku. Nadhani wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili watafurahi kujua kazi hiyo, maana baadhi yao walianza masomo yao katika madarasa kama yale, tena bila kitabu chochote.

Kitabu tulichokitumia kuliko vingine vyote chaitwa Wimbo wa Sakima. Mtungaji wake ni Ursula Nafula wa Kenya, na picha zilichorwa na Peris Wachuka. Ni kimoja katika hadithi za African Storybook, kazi iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, ambayo tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zenyewe hutolewa bure. Tena kila mtu ana ruhusa ya kuinakili hadithi hii, kuitafsiri, hata kuigeuza, mradi awataje walioitunga na kuichora. Ruhusa hiyo naomba msomaji aikumbuke, kwa sababu nitairudia.

Hadithi ni fupi. Sakima ni mtoto aliyeugua akiwa na miaka mitatu akapofuka. Wazazi wake wanafanya kazi kwa tajiri mmoja, na kibanda chao cha nyasi kimo katika ardhi ya tajiri huyo. Mchana kutwa Sakima hubaki na mdogo wake wa kike, na huyo mdogo akisikia njaa, Sakima humwimbia mpaka atulie. Siku moja mtoto wa tajiri anapotea. Sakima asema kwamba atakwenda kumwimbia tajiri ili apate faraja. Wazazi hawakubali, maana wanaona kipofu maskini hawezi kumfariji mkubwa kama yule. Ni yule mdogo peke yake anayemuunga mkono, na ndiye anayemshika mkono kumpeleka. Sakima asimama chini ya dirisha kubwa, aimba, na tajiri atokeza kichwa. Kabla Sakima hajaondoka, tajiri atoka mbio kumwomba aimbe tena, na papo hapo watu wawili wamleta mtoto aliyepotea, amepigwa lakini yu hai. Mwishowe tajiri awapeleka wote wawili hospitali, mwanawe atibiwe, na Sakima apate kuona tena.

Darasa lile lina watoto 82, na sisi tulikuwa na nakala 9 tulizozichapa kwa mashine ya shule. Mwaka wa nne ni mwaka mgumu kwa watoto wa Uganda, kwa kuwa tangu mtaala wa 2007 watoto hufundishwa kwa lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza, kwetu ndiyo Kikonzo, kisha katika la nne huvukishwa kwenda Kiingereza. Kiswahili nacho kimesogea karibu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, ingawa si kila shule imepata mwalimu wa kukifundisha. Hata hivyo watoto hawa si wageni wa Kiswahili. Wengi wana shangazi au mjomba anayeuza kahawa au samaki huko Bwera na katika soko la Mpondwe, ambako bila Kiswahili huwezi kupatana bei na Wakongo wa Kasindi. Wanakijua Kiswahili cha sokoni, ila hawajakiona kikiwa kimeandikwa.

Basi tulianza na picha, maneno tumeyafunika kwa karatasi. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Mmoja wa watoto wa darasa hilo haoni kabisa. Sitamtaja jina, kwa kuwa yeye si habari ya gazeti. Huketi benchi la mbele, na hesabu za kichwani huwashinda wenzake wote. Sasa kitabu cha picha kina faida gani kwa mtoto huyo? Mwalimu wao wa darasa, mama mwenye sauti ya upole lakini asiyechezewa, hakuniuliza mimi swali hilo. Aliwauliza watoto. Aliwaambia, "Mwenzenu ataijua picha hii kwa vinywa vyenu tu. Semeni."

Mtoto wa kwanza akasema, "Kuna mtu."

Yule asiyeona akauliza, "Mtu gani? Mkubwa au mdogo? Amesimama au ameketi? Anatazama wapi?"

Nani angeweza kuuliza maswali bora kuliko hayo? Mimi nilikuwa nimeandaa maswali kumi katika daftari langu, na sikuyatumia. Kwa kawaida mwalimu akimwuliza mtoto, "Waona nini katika picha?" mtoto ajua kwamba mwalimu naye anaiona, kwa hiyo hujibu neno moja ili aketi. Lakini hapa palikuwa na mtu aliyehitaji jibu kweli. Ikawabidi watafute maneno: mbele ya, kando ya, chini ya, mwisho wa safu ya miti. Mmoja akasema "dirisha mkubwa," na watatu wakamrudi, "dirisha kubwa!" kwa sababu walitaka mwenzao aone dirisha lenyewe, si kwa sababu ya ngeli. Kikonzo kilipohitajika kilitumika, kisha tukatafuta neno la Kiswahili pamoja. Picha moja ilitumia dakika ishirini. Siku hiyo hatukufika hata nusu ya kitabu, wala hakuna aliyelalamika.

Nasema basi kwamba picha ya kitabu haijasomwa mpaka imesemwa. Yafaa kila darasa lifanye hivyo, hata lile ambalo watoto wote wanaona. Ni kazi rahisi: mtoto mmoja afumbe macho au ageuke ukutani, na wenzake wamweleze.

Jambo la pili ni wimbo. Kitabu hiki chahusu mwimbaji, kila kitu ndani yake chasukumwa na wimbo mmoja, lakini wimbo wenyewe haumo! Twaambiwa kwamba Sakima anauimba, twaambiwa kwamba ni mzuri, basi. Hakuna maneno yake wala sauti yake. Mwenzangu mmoja aliona hilo ni kasoro. Mimi naona ni nafasi iliyoachwa wazi kwa msomaji, na mwalimu asiyeitumia amekula maganda akaacha ndizi. Darasa letu liliutunga wimbo huo kwa Ijumaa tatu.

Maneno ya kwanza waliyoyatoa yalikuwa, "Nyamaza, mdogo wangu, mama yu njiani." Yalikuwa mazuri kwa mtoto mwenye njaa. Lakini msichana mmoja akasimama akakumbusha kwamba Sakima anakwenda kumwimbia tajiri wimbo ule ule. Je, atamwambia tajiri kwamba mama yake yu njiani? Darasa zima likacheka. Mwingine akaongeza kwamba hakuna mtoto anayeweza kumwambia mzee "nyamaza," labda kama anatafuta kofi. Ikawa kazi ya kweli: kutafuta maneno yatakayomfaa mtoto mchanga mwenye njaa na mtu mzima mwenye msiba, bila kubadili hata moja. Walijaribu "tulia," wakaikataa, kwa kuwa nayo ni amri. Walijaribu "usilie," lakini wavulana wakasema tajiri hakuwa akilia mbele ya watu. Mwisho wakafika kwenye neno ambalo sisi sote tunalitumia mara mia kwa siku bila kulifikiri:

Pole, ee pole, yule yu njiani,
Jua halijazama, atafika nyumbani.

"Pole" haimvunjii mtu heshima, awe mdogo au mkubwa. Na neno "yule" limeachwa bila jina kwa makusudi. Mdogo wake Sakima akisikia "yule," anamfikiria mama. Tajiri akilisikia, anamfikiria mwanawe. Watoto wa darasa la nne waligundua hilo wao wenyewe, nami nakiri kwamba katika somo la fasihi la kidato cha sita sijakutana na mfano bora zaidi wa neno moja kubeba maana mbili.

Kuhusu sauti, yafaa kueleza kidogo. Katika Kikonzo, kama katika lugha nyingi za Kibantu, sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na ukiibadili waweza kubadili maana. Kwa hiyo mtungaji wa wimbo hana uhuru wote. Kiswahili hakina shida hiyo. Ndani yake mkazo ndio mtawala, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: PO-le, nji-A-ni, nyum-BA-ni. Tulipopiga ngoma juu ya dumu la maji, pigo zito liliwekwa hapo, na watoto ambao walikuwa wakisoma Kiswahili kama wanaohesabu mawe wakaanza kukisoma kama watu wanaosema.

Tena tulitengeneza ala. Wakonzo wanajulikana kwa endara, ambayo ni vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya vigogo vya mgomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake, sehemu zote zikisukana kama ukili wa mkeka. Sisi tulikuwa na vipande vitano tu vya mbao tulivyopewa na seremala, basi sitathubutu kuiita endara mbele ya wazee. Lakini hata kwa vipande vitano mtoto hujifunza fizikia: ukifupisha ubao sauti hupanda, na ukiuchonga upande wa chini, katikati, sauti hushuka. Mzee mmoja jirani wa shule alikuja na filimbi yake, ile iitwayo enyamulere, akausikiliza wimbo mara mbili, akaurudia wote, kisha akaongeza mapambo ambayo hatukuweza kuyafuata. Aliondoka akicheka.

Sasa nafika mahali pagumu. Tulipogawa kazi za mchezo, watoto wote walimgeukia yule asiyeona wakitaka awe Sakima. Kwao lilikuwa jambo lililokwisha kukatwa: Sakima ni kipofu, na huyu ni kipofu. Yeye akakataa. Akasema hajui kuimba na hapendi kuimba, na kwa kweli sauti yake ni ya kukwaruza kama yangu. Alitaka kuwa tajiri. Mwalimu akamkubalia mara moja, na nafasi ya Sakima akapewa msichana mmoja. Naona mwalimu alifanya vema sana. Kitabu chenye shujaa kipofu mwenye kipaji cha kuimba ni kizuri, lakini kinaweza kuwafanya watoto wafikiri kwamba kila kipofu ni lazima awe mwimbaji ili watu wamheshimu. Na alikuwa tajiri hodari! Alisimama nyuma ya dirisha, akasikiliza, na alipotoka kumwomba Sakima aendelee kuimba, alikwenda moja kwa moja mpaka aliposimama msichana yule bila kushikwa mkono, kwa kuifuata sauti.

Lakini pagumu kuliko hapo ni mwisho wa hadithi, pale Sakima anapopelekwa hospitali. Mwalimu alipousoma ukurasa huo palikuwa kimya. Kisha yule mtoto akauliza, "Madamu, tajiri wa kwetu ni nani?"

Sisi wanafunzi wa sekondari tulitazama chini. Mwalimu hakutazama chini. Akamjibu, "Wewe ulikwisha kupelekwa. Mama yako aliniambia. Daktari alisema mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo umekufa. Hata tajiri akija, hilo haliwezi."

Mtoto akafikiri kidogo, akasema, "Basi Sakima alikuwa na ugonjwa mwingine."

"Ndiyo. Mwingine."

Baada ya hapo mwalimu alilieleza darasa lote habari za macho, kwa maneno machache. Mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi, huweza kutolewa kwa upasuaji, na lenzi nyingine ikawekwa. Kovu juu ya kioo cha jicho ni vigumu zaidi. Mshipa uliokufa haufufuki. Kitabu chasema tu kwamba Sakima aliugua, hakitaji ugonjwa. Lakini surua, hasa kwa mtoto aliyekosa vitamini A, ni mojawapo ya sababu za watoto kupofuka, na chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Watoto waliandika hayo katika madaftari yao. Hiyo ilikuwa sayansi, na ilichukua muda mfupi.

Kisha mwalimu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Kama macho ya Sakima yangekuwa kama ya mwenzenu, tajiri angemlipa nini?" Palizuka mabishano makubwa. Wengine walisema mbuzi, wengine ada ya shule. Mvulana mmoja ambaye baba yake ana shamba dogo la kahawa huko juu mlimani akasema tajiri awape wazazi wa Sakima ile ardhi ambayo kibanda chao kimejengwa, maana mtu anayekaa katika ardhi ya mwingine hana usingizi. Wengi walimpigia makofi. Yule asiyeona akangoja wamalize, akasema: Sakima alipwe mshahara. Wazazi wake wanafanya kazi kwa tajiri na kulipwa, naye amefanya kazi, basi alipwe kila mara aimbapo.

Tukaandika ukurasa mmoja zaidi kwa Kiswahili na kwa Kikonzo, wenye ardhi na mshahara, tukaubandika mwishoni mwa kila nakala, baada ya ule wa hospitali. Ule wa hospitali hatukuung'oa. Wako wenzetu waliosema tumekiharibu kitabu cha watu. Sivyo. Kwanza ruhusa imetolewa, kama nilivyosema hapo juu, na majina ya mtungaji na mchoraji tumeyaacha mahali pake. Pili, hadithi ya kwanza bado inasomeka yote. Mtoto mwenye ugonjwa unaotibika anahitaji ukurasa ule, ili wazazi wake wasikate tamaa mapema. Mtoto mwenye ugonjwa usiotibika anahitaji huu wa pili, ili kitabu kisimwambie kwamba wema wote wa dunia huishia kwenye kupata macho, na kwamba yeye ameachwa nje.

Baada ya hapo nilisoma habari za Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Naye, kama Sakima, alikuwa na miaka mitatu msiba ulipomfika: alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya ngozi ya baba yake, uchafu ukaenea, na macho yote mawili yakapofuka. Watu wanajua kwamba alibuni maandishi ya nukta nundu, na kwamba alipokuwa na miaka 15 tu, mwaka 1824, kazi kubwa alikuwa amekwisha kuifanya. Wachache wanajua kwamba alikuwa mwanamuziki, mpiga kinanda wa kanisani huko Paris, na kwamba kitabu chake cha mwaka 1829 kilieleza namna ya kuandika muziki kwa nukta pamoja na maneno. Huyo naye ni kijana mwanamuziki anayestahili kitabu cha picha.

Shule ile haina mashine ya kuandikia nukta nundu. Tulichofanya ni kidogo, na yeyote aweza kukiiga. Kila herufi ina nafasi sita, tatu kushoto na tatu kulia, na nukta huwekwa katika baadhi ya nafasi hizo. Jina Sakima lahitaji nukta 12: tatu kwa S, moja kwa A, mbili kwa K, mbili kwa I, tatu kwa M, na moja tena kwa A. Tulibandika punje 12 za mahindi juu ya jalada la nakala moja kwa gundi ya mbao. Herufi hizo ni kubwa mno, hazisomeki kwa ncha ya kidole kama maandishi ya kweli, lakini kwa kujifunzia zinafaa, na sasa watoto kumi na mmoja wa darasa hilo wanaweza kulisoma jina hilo macho yamefumbwa. Ijumaa iliyopita yule mtoto alipitisha mkono juu ya jalada, akasita, akatuambia kwamba jina limeharibika. Tukatazama: punje ya chini ya K ilikuwa imetoweka, nadhani panya aliila usiku, na K iliyopoteza nukta hiyo husomeka A. Sisi tunaoona tulikuwa tumekipitisha kitabu hicho mkono kwa mkono asubuhi nzima, na hakuna aliyejua kwamba Sakima amekuwa Saaima.